Mto wa kuwinda musi huchaguliwa kwa safari ya kurudi

Kila mwaka ikifika Aprili, mto Tanana wa hapa Alaska ungali umeganda, simu yangu huanza kulia. Mara ni Mswahili mwenzangu wa Anchorage, mara ni kijana wa Bukavu aliyehamia Fairbanks juzi juzi. Wamesikia nina boti, na kwamba friza langu halikauki nyama. Swali ni lile lile: "Kaka, twende mto gani?"

Wanataka jina. Mimi nawarudishia swali: maji yamepungua shibiri mbili, boti ina kilo mia tatu za nyama, mashine imeanza kukohoa. Utarudije? Ukiweza kulijibu hilo, mto umeshaupata. Watu wengi huchagua mto kwa sifa za wanyama waliomo, kumbe musi wapo karibu kila mto wa Alaska ya ndani. Kinachotofautisha mto na mto ni njia ya kurudi.

Mimi nimezaliwa Mafia, baba yangu akiwa nahodha wa jahazi dogo lililobeba nazi na abiria kati ya Kilindoni na Nyamisati. Niko Fairbanks tangu 2007, kazi yangu kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. Musi, kwa asiyemjua, ni wa ukoo wa kulungu lakini mrefu kuliko farasi. Dume aliyekomaa hapa hupita kilo 500 bila shida, na pembe zake ni bapa kama makafi mawili ya mtumbwi. Mama nilipomwambia kwa simu kwamba nawinda mto Tanana, alidhani nimehamia Tana River, Kenya, na akauliza kama kuna mamba. Hakuna. Kuna dubu.

Sheria nitaipitia haraka, ila usiiruke, maana ndiyo inayofuta mito mingi kwenye ramani kabla hujafikiria maji. Alaska imegawanywa katika maeneo 26 ya wanyamapori, na mengi yao yamekatwa tena kwa herufi: 20A, 20B, 21D na kadhalika. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo hutoa kitabu cha kanuni kila mwaka. Soma cha mwaka huu, si kile ambacho shemeji yako alikiacha kwenye gari. Kwanza jua wewe ni nani: ukiwa umeishi Alaska miezi 12 mfululizo kwa nia ya kukaa, wewe ni mkaazi hata kama si raia. Ndugu anayekuja kutembea kutoka Dar au Muscat, asiye raia na asiye na makao Marekani, haruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa bila mwongozaji mwenye leseni, na gharama yake itakutoa machozi. Pili, dume gani: kuna maeneo yanayodai pembe zenye upana wa inchi 50, yaani sentimita 127, au idadi fulani ya ncha za mbele, na kuna maeneo ya dume yeyote. Kama ni mara yako ya kwanza, tafuta la dume yeyote. Kukadiria inchi 50 jioni, mnyama kasimama nusu ndani ya vichaka na moyo unakupiga kama ngoma ya msondo, si kazi ya mgeni, na ukikosea umevunja sheria. Tatu, kibali: kipo cha kawaida, cha kujiandikisha, na cha bahati nasibu ambacho maombi yake hufungwa katikati ya Desemba mwaka uliotangulia. Maeneo mengine yana masharti yake juu ya hayo. Koyukuk ya chini, kwa mfano, ndege hazitumiki kuwindia musi, na boti husimama kwenye kituo cha ukaguzi. Misimu mingi ya bara huangukia Septemba.

Sasa tuje kwenye maji.

Kule kwetu, ukipwelewa kwenye fungu unakaa, unawasha moto, unakunywa chai. Baada ya saa sita maji yamejaa, chombo kinaelea, unaondoka. Hofu ya nahodha ni mwamba na upepo. Fungu la mchanga ni usumbufu tu. Nilikuja huku na akili hiyo hiyo, na iliniponza. Mto hauna bamvua. Ukipwelewa Septemba na maji yanashuka, yatakayokuja kukunyanyua ni ya Mei, barafu ikivunjika.

Mwaka 2011 mimi na shemeji yangu tulipanda kijito kimoja chenye maji maangavu kinachoingia Tanana. Tulikuwa na boti ya bati ya mtumba na mashine ya rafadha (pangaboi), ambayo aliyetuuzia aliapa kwamba inapita popote penye umande. Mvua ya mwisho wa Agosti ilikuwa imejaza kijito, tukapanda kilomita 60 kwa saa nne, tukiimba. Siku ya nne tukapata dume. Lakini siku hizo nne mbingu zilikuwa safi, usiku unaganda, hakuna tone. Nilikuwa nimechomeka kijiti kwenye ukingo jioni ya kwanza, usawa wa maji, kwa mazoea ya nyumbani. Asubuhi ya tano kijiti kilisimama pakavu, na kati yake na maji palikuwa na shibiri moja na nusu ya kwenda chini. Kurudi tulikutana na mafungu kumi na moja. Kila fungu tulishusha nyama, tukaibeba mabegani ndani ya maji yanayokata mifupa, tukavuta boti kwa kamba, tukapakia upya. Saa nne za kupanda ziligeuka siku mbili za kushuka. Rafadha ilipofika nyumbani ilikuwa kama jani la mhogo lililoliwa na panzi.

Kosa halikuwa la kijito. Nilikichagua kwa maji ya siku ya kwanza. Tangu hapo nauliza maji ya siku ya mwisho yatakuwaje, na jibu linategemea mto unakunywa wapi.

Kuna mito inayokunywa barafu ya milimani: Tanana yenyewe, Nenana, na Kantishna inayopokea maji kutoka upande wa Denali. Maji yake ni rangi ya chai ya maziwa. Zima mashine, inama, tega sikio kwenye bati la boti: utasikia vumbi la mawe likisugua chini, sauti ya mchele unaopepetwa kwenye ungo. Mito hii hujaa kiangazi, jua likiyeyusha milima, na usiku ukianza kuganda inashuka kila siku, mvua isiponyesha. Kwa hiyo msimu wa musi ndio msimu wake wa kukauka. Chini hukuoni hata sentimita tano. Mto unajigawa mikono mitano, sita, na mkono uliokuwa njia mwaka jana leo ni mchanga mtupu wenye gogo. Uzuri wake ni kwamba mkono mkubwa una kina cha kutosha ukiujua, na visiwa vyake vimejaa mierebi michanga, chakula anachokipenda musi.

Ipo mito inayotoka kwenye tambarare na mabwawa: Tolovana, Nowitna, Innoko. Maji yake ni meusi kama kahawa, polepole, yanapinda na kupinda hadi unaona kisigino chako mwenyewe. Kina kizuri, chini ni matope, na mashine ya rafadha inapita bila kuumia. Ningependa kuisifu zaidi, ila ina ujanja mmoja ambao hakuna aliyenionya. Kingo zake ni ndefu na zimesimama wima. Maji yakiwa juu, ukisimama botini unaona mbuga na vidimbwi vyote. Yakishuka mita moja, wewe nawe umeshuka mita moja, na unachokiona wiki nzima ni ukuta wa udongo pande mbili. Musi anaweza kuwa hatua thelathini kutoka kwako, anatafuna. Mito hii inataka mtu wa kupanda ukingo kila mkunjo, kimya, na kukaa. Asiyeweza kukaa asiende.

Halafu ile ya kokoto na maji maangavu: Chena ya juu, Salcha, Fortymile. Inakunywa mvua. Ikinyesha inajaa kesho yake, ikiacha inashuka vilevile haraka. Hapo bila mashine ya jeti, ile inayonyonya maji na kuyatema nyuma badala ya kuzungusha rafadha, usijaribu. Jeti ikishanyanyuka inapita kwenye maji ya kifundo cha mguu. Lakini inakula kama theluthi ya nguvu ya mashine yako, inanyonya kokoto, na boti ikiwa na mzigo wa nyama huenda isinyanyuke kabisa. Hapo ile kifundo cha mguu inageuka goti, na goti hakuna. Chena na Salcha zina jambo lingine: barabara iko karibu, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya msimu ni kama Kariakoo mkesha wa Idi.

Nikishajua aina ya mto, naangalia mkondo unaelekea wapi ukilinganisha na diko langu, mahali ninaposhushia boti. Hapa ndipo watu hawanielewi. Fairbanks na mji wa Nenana ziko upande wa juu wa mto Tanana. Ukishuka kuelekea mto Yukon na kwenda mpaka Nowitna ni zaidi ya kilomita 300, zote kwa starehe, mto unakusukuma. Kurudi unapanda zote na mzigo. Nimepiga hesabu za boti yangu, futi 20, jeti, miaka mitatu mfululizo kwenye daftari. Ikishuka bila mzigo inakwenda kilomita moja na nusu kwa lita. Ikipanda na nyama, lita inanipa kilomita 0.8 tu. Kwa safari ya kilomita 120, kushuka nikiwa mtupu ni lita 80, kupanda nimejaa ni lita 150, jumla 230. Nikigeuza, nipande mtupu na nishuke nimejaa, inakuja kama lita 205. Utasema tofauti ni lita 25, si kitu. Kweli, si kitu. Kitu ni siku mashine inapokufa. Ukiwa juu ya diko lako, unatoa pondo na kafi, unaketi tezi, nyuma ya boti, mto unakurudisha nyumbani, nyama na wewe. Ukiwa chini ya diko, mto unakupeleka mbali na kila kitu unachokijua, na unaanza kuombea boti ya mtu.

Kwa hiyo mto wangu wa kwanza wa kumshauri mtu ni ule unaoanzia kwenye barabara na kupandwa. Daraja la Yukon kwenye barabara ya Dalton lina diko zuri, na ukielekea juu unaingia tambarare za Yukon. Ila Yukon ni pana, na upepo ukipiga kinyume na mkondo unanyanyua mawimbi mafupi yaliyosimama, ya kukumbusha mlango wa Mafia wakati wa kusi. Boti ya ubavu mfupi isubiri ufukweni. Njia nyingine, ninayoifuata miaka mingi sasa, ni kushuka kidogo tu kutoka Nenana kisha kukata na kupanda mto mdogo unaoingia Tanana. Sehemu ya hatari, yenye mafungu na magogo, unaishuka ukiwa na mzigo. Inayobaki ya kupanda ni Tanana mkubwa, wenye kina na wenye boti za watu wengine. Si kamilifu, ila nalala usingizi.

Petroli piga hesabu ya kwenda, ya kurudi, na theluthi ya jumla juu yake. Ile safari ya lita 230 nabeba 300 na ushee. Hizo zina uzito wa zaidi ya kilo 220, karibu sawa na nyama ya musi mmoja, na ndivyo inavyotakiwa: madumu yanavyokauka, nyama inachukua nafasi yake. Vijiji vya Tanana, Ruby na Galena vimo kando ya mto na mafuta hupatikana, kwa bei ya kijiji kisicho na barabara. Piga simu kabla, uliza kama yapo na kama kuna mtu wa kuuza Jumapili.

Nyama yenyewe. Dume mkubwa anakupa kilo 225 za nyama tupu au zaidi. Paja moja la nyuma na mfupa wake ni mzigo wa mwanamume mmoja mwenye nguvu, na atatukana njiani. Sheria inadai utoe nyama yote inayolika: mapaja, mikono, mbavu, shingo, kidari, sarara. Pembe haziondoki pale alipoangukia kabla ya nyama yote kuondoka. Maeneo kadhaa yanadai nyama ibaki kwenye mfupa hadi ufike. Kwa hiyo ukikagua mto usitazame mto tu, tazama nyuma ya ukingo. Kama ni mbuga ya vichuguu vya majani, vile vinavyoyumba ukivikanyaga na kati yake maji ya goti, basi hatua mia tatu ni nyingi. Mimi sipigi mnyama aliye zaidi ya hatua mia nne kutoka kwenye boti hata awe na pembe za dhahabu. Shemeji alipiga mara moja, mbali, mwaka niliobaki kambini na homa. Mpaka leo akiona kichuguu anashika kiuno.

Na kuna jambo ambalo wenzangu Waislamu lazima walitie kwenye hesabu ya mto, nalo sijasikia mwindaji mwingine akilizungumza. Unasoma Bismillahi unapofyatua. Mnyama akifa kwa risasi, ni halali. Ukimkuta na uhai unamchinja. Lakini akiangukia majini akafa humo, imeingia shaka, kwa sababu hadithi ya Adi bin Hatim inakataza kumla mnyama uliyemkuta amezama, kwa kuwa hujui kama alikufa kwa silaha yako au kwa maji. Ndiyo maana sipendi mito ambayo ukingo wake umeshikana na maji bila ufuko. Musi aliyepigwa mara nyingi hukimbilia majini. Nataka kisiwa cha mchanga mpana, awe na mahali pa kuangukia pakavu. Asiye Mwislamu naye atanishukuru: dume aliyekufa kwenye maji ya kiuno hageuzwi na watu wawili, na kumchuna ndani ya maji ya nyuzi tano ni adhabu. Sheria ya jimbo nayo inakataza kumpiga mnyama mkubwa akiwa anaogelea, isipokuwa yule kulungu wa kundi aitwaye karibu (caribou), katika sehemu fulani. Na kupiga kutoka kwenye boti inayosukumwa na mashine. Mashine izimwe, na boti iwe imeacha kwenda kwa nguvu yake.

Ardhi ni ya nani? Mto na sehemu ya mchanga iliyo chini ya usawa ambao maji hufika kwa kawaida yakijaa, kwa mito inayopitika, ni ya umma. Juu ya hapo, kandokando ya mito, ardhi nyingi ni ya mashirika ya wenyeji, waliyopewa kwa sheria ya 1971, na ni mali binafsi kama shamba la mtu. Hifadhi za serikali kuu nazo, chini ya sheria ya 1980, zinawapa kipaumbele wakaazi wa vijijini. Ramani za umiliki zipo, zipakue kabla, huko mtandao hakuna.

Hapa nina maoni yangu, na si kila mtu atayapenda. Watu wa vijiji vya Yukon walikuwa wanaishi kwa samaki wa samoni. Samoni imeporomoka, na mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni mkubwa, yule mfalme, kwa miaka saba. Kwa hiyo musi anayetembea nyuma ya kijiji ndiye akiba ya kijiji. Mimi mto wenye kijiji nasogea mbali nacho, hata kama kisheria ningeweza kukaa jirani. Na nikipita nikirudi, nasimama, naacha mbavu na shingo kwa mzee yeyote anayezitaka. Mzee mmoja wa Nenana, niliyemwachia mara ya kwanza kwa kubahatisha, ndiye aliyenifundisha kumwita dume kwa kukwangua mfupa wa bega mkavu kwenye vichaka vya mierebi: mara tatu, kimya cha muda wa kuvuta sigara, mara mbili. Mkono usiwe na haraka. Nilikuwa nakwangua kama napara samaki. Alinishika kiwiko akanipunguza.

Ukishapata jina la mto, bado mtihani mmoja. Ufanye Julai. Tazama kwenye tovuti za serikali za vipimo vya mito maji yako wapi siku hiyo, andika namba, ili Septemba ujue yamepungua kiasi gani. Kisha jaza maji madumu kumi na tano ya lita 20. Hizo ni kilo 300. Yapange katikati ya boti, si tezi, mpande wawili na vifaa vyote vya kambi, panda mto kilomita ishirini, geuka. Angalia boti inanyanyuka au inakokota tumbo, inakata kona au inateleza kwenye magogo, mashine inalia vipi. Shemeji huwa anataka kuyamwaga tukishageuka, eti tumeshaona. Yasimwagwe. Yarudi mpaka diko, yashushwe dumu moja moja kwa mkono, na anayeshusha awe yeye.